Jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha chumba cha mzazi

Mleta mada, usiku huu usiingize hilo jiko. Umesema mkeo amejifungua, mko Manyovu, baridi imezidi, mkaa umeshaiva hautoi moshi, na utaweka beseni la maji chumbani linyonye gesi. Maneno hayo hayo aliambiwa kaka yangu pale Kasulu na jirani anayejiona mjuzi wa kila kitu, akaliingiza jiko chumbani kwa mkewe aliyekuwa amejifungua. Swali la binti yako wa sekondari, oksijeni inaingiaje kwenye damu na kabonidayoksaidi inatokaje, tutalipitia humo humo kwa sababu ndilo lenyewe.

Mapafu hayachagui. Hewa ikishuka inafika kwenye vifuko vidogo mno, zaidi ya milioni 300, ambavyo vyote vikikunjuliwa vinatandaza eneo la kama mita za mraba 70. Ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko milimita 0.001. Gesi inatoka ilipo nyingi kwenda ilipo kidogo, basi. Damu inafika pale ikiwa na kabonidayoksaidi nyingi, nayo inapenya kwenda kwenye hewa na kutoka unapopumua; imepungukiwa oksijeni, oksijeni inapenya kuingia, himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu inaidaka. Chembe inamaliza kupita hapo kabla sekunde moja haijaisha, na inakuwa imeshajaa.

Sasa mkaa mwekundu. Kabonidayoksaidi inayotokea chini ya jiko ikipanda kupitia makaa ya moto inageuka kuwa kabonimonoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikwaruzi koo. Inapenya ukuta ule ule, na himoglobini inaishika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Piga hesabu: hewa ina oksijeni asilimia 21. Kabonimonoksaidi ikifika asilimia 0.1 tu chumbani, ukalala humo kwa saa za kutosha, karibu nusu ya himoglobini yako imetekwa. Nusu iliyobaki nayo inang'ang'ania oksijeni yake, haiiachii vizuri kwenye ubongo na moyo. Na beseni? Gesi hii haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukuokoa. Anayesambaza habari ya beseni anaua watu.

Kilichotugharimu zaidi si hata usiku wa kwanza. Asubuhi shemeji aliamka kichwa kinamgonga, anatapika, miguu haina nguvu. Kaka akakimbilia duka la dawa. Muuzaji hakupima chochote, hata kile kipimo cha haraka cha malaria. Kigoma hapa ukisema kichwa na kutapika, jibu linakungoja kaunta. Akauza dawa, akasema mzazi arudi ndani, afunikwe, apate joto. Yaani alimrudisha kwenye chumba kilichokuwa kinamuua! Mchana mlango ulipokuwa wazi akapata nafuu, watu wakaisifu dawa. Usiku jiko likarudi. Alfajiri walimkuta haamki. Mtoto alinusurika kwa kuwa bibi yake alikuwa amemchukua chumba kingine.

Kituo cha kwanza wakambana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, kikasoma 98, tukaambiwa oksijeni iko sawa. Haikuwa sawa. Kifaa kile kinaangalia rangi ya damu, na damu iliyobeba kabonimonoksaidi nayo ni nyekundu, kwa hiyo kinadanganywa. Ni daktari wa hospitali tuliyopelekwa baadaye aliyeuliza, "Mlilala na jiko?" Akamwekea barakoa ya oksijeni pale pale. Kwa hewa ya kawaida, gesi hiyo huchukua kama saa nne mpaka sita kupungua nusu. Kwa oksijeni tupu ni kama saa moja au moja na nusu. Shemeji aliamka. Lakini wiki kadhaa baadaye akaanza kusahau: chumvi ameshatia anatia tena, anamwita mtoto kwa jina la mdogo wake. Hilo nalo linajulikana kitabibu, ubongo huweza kuonyesha madhara baadaye, na sisi hakuna aliyetuambia.

Umesema pia utaacha dirisha wazi kidogo. Hapana. Upepo ukigeuka, au mtu akilifunga usiku kwa kusikia baridi, mmekwisha. Jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha chumba cha kulala, liwe na moshi au lisiwe nao. Chemsha maji nje, yatie kwenye chupa, funga vizuri, zungushia khanga, weka kitandani mbali na ngozi ya mtoto, na uitoe kabla hawajalala. Mama amweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia na soksi, blanketi juu yao wote wawili, uso wa mtoto ubaki wazi.

Na kama jiko lilishalala ndani jana na mkeo ana kichwa leo, mtoe nje sasa hivi, mtoto pia, kisha hospitali. Mkifika, tajeni mkaa kabla hamjaulizwa.