Spoki hupimwa kwa milimita, si kwa digrii

Michoro mingi ninayoletewa ya grili za juu ya milango ina ugonjwa mmoja. Mchoraji ameweka duara dogo la kitovu na duara kubwa la rimu, kisha akavuta mistari miwili kutoka katikati kabisa, baina yake digrii 10, akasema hiyo ndiyo spoki, ule ufito unaotoka kitovuni hadi kwenye rimu. Kwenye skrini inapendeza. Bamba likishakatwa, mwenye nyumba anainua macho na kuuliza, "Fundi, mbona huku kumekonda na huku kumenona?"

Ana haki yake. Mistari miwili inayotoka nukta moja haiwezi kuwa sambamba. Kadiri inavyokwenda nje ndivyo inavyoachana, kama kipande cha chapati. Chukua kitovu chenye nusu kipenyo cha milimita 30. Spoki ya digrii 10 hapo ina upana wa milimita 5.2 hivi. Ifuate hadi kwenye rimu, milimita 120 kutoka katikati, utakuta imefika karibu milimita 21. Umbali umezidi mara nne, na upana nao mara nne.

Kwetu Mombasa hilo si suala la urembo tu. Hewa ya chumvi huanza kula chuma pale rangi ilipobanduka, na shingo ya milimita 5 haina cha kupoteza. Tena plasma, ile mashine tunayokatia mabamba, hukata kwa joto: mikato ikisongamana karibu na kitovu, shingo nyembamba hujipinda kabla grili haijatoka mezani.

Kwa hiyo pembe iachie kazi ya kupanga spoki zikae wapi. Upana uandike kwa milimita, mara moja tu.

Mimi hutumia FreeCAD, programu ya kuchorea, kwa sababu ni ya bure na vijana wa karakana wanaweza kuiweka kwenye kompyuta zao bila kumwomba mtu. Nikishachora maduara mawili, nanyoosha mstari wa msaada kutoka katikati hadi kwenye rimu, ule ambao programu haiuhesabu kama ukingo wa kitu. Huo ndio uti wa mgongo wa spoki. Kisha nachora mstari mmoja huku na mwingine huku, naweka sharti la ulinganifu (sharti ni kanuni ambayo programu huulazimisha mchoro kuifuata) kwenye ncha zao, uti ukiwa katikati, halafu kipimo kimoja baina yao: milimita 10. Watu wengi huishia kwenye ulinganifu. Hautoshi! Spoki yenye umbo la kabari, nyembamba huku na nene huku, nayo ina ulinganifu. Ongeza sharti la usambamba kati ya ukingo mmoja na uti, hapo spoki haina tena pa kunenepea.

Ncha nazo zina hila yake. Ukiifunga spoki kwa mstari mnyoofu unaogusa kitovu katikati tu, pembeni kutabaki mwanya, maana kitovu kimepinda na mwisho wa spoki haukupinda. Kwa vipimo vile vile vya milimita 30 na 10, mwanya huo ni milimita 0.4 hivi kila kona. Jicho halioni, lakini programu inaona, na ndipo umbo linapokataa kujifunga. Ama ziweke ncha juu ya duara lenyewe kwa sharti, ama ziingize ndani ya kitovu na ndani ya rimu, halafu viungane kuwa kitu kimoja. Mimi hupenda hiyo ya pili. Ukichora mistari bapa tu, isiyo na unene, bila kuunganisha maumbo, usisahau kufuta mistari iliyobaki ndani ya makutano, la sivyo mashine itaifuata na kuikata spoki yako kwenye shina.

Kurudufu ni kazi ndogo. Inua spoki moja iwe na unene wa bamba, kisha izungushe kwa amri ya kurudufu kwenye duara: spoki 8, digrii 360, basi. Nakushauri urudufu umbo lililokwisha kuinuliwa, si mistari ndani ya mchoro, kwa sababu mteja atabadilisha mawazo. Akitaka 10 badala ya 8, unabadilisha namba moja. Anayetumia AutoCAD, programu nyingine ya kuchorea, hufika pale pale kwa amri ya OFFSET (kunakili mstari pembeni) ya milimita 5 kila upande wa mstari wa kati, TRIM (kukata mistari iliyozidi), kisha ARRAYPOLAR (kurudufu kwenye duara).

Ila usikubali idadi yoyote unayoambiwa. Spoki za milimita 10 kwenye kitovu cha nusu kipenyo cha 30 zikifika 19 zinapandana. Hata 18 zinaacha upenyo usiofika nusu milimita pale kwenye kitovu, mwembamba kuliko mkato wa plasma wenyewe. Mteja akishikilia, kuza kitovu.

Wako wanaochora tundu badala ya spoki, kwa hoja kwamba tundu ndilo linalokatwa. Si vibaya, lakini kingo za tundu zisielekee katikati ya duara. Kwa spoki 8 za milimita 10, ukizirefusha kingo mbili za tundu moja zitakutana milimita 13 hivi kabla ya kufika katikati. Zikikutana katikati kabisa, umerudi kwenye kabari. Tena pembe ya tundu hutegemea idadi ya spoki, kwa hiyo kila idadi ikibadilika lazima nayo ibadilike. Ndiyo maana siipendi njia hiyo.

Nusu duara ya juu ya mlango, ambayo wateja wangu wa Nyali na Kisauni hawaichoki, ina mtego wake: ufito wa chini. Huo nao ni spoki, umelala tu. Ukiuweka wote chini ya mstari wa kipenyo, matundu mawili ya mwisho yatakuwa makubwa kuliko mengine. Ukiuweka wote juu, yatakuwa madogo. Katikati ya duara ikae katikati ya upana wa ufito. Ufito wa milimita 20, basi milimita 10 juu ya ukingo wake wa chini. Hapo spoki tano, zikiachana kwa digrii 30, zitakupa matundu sita yanayolingana, mradi nazo ziwe na upana ule ule wa 20.