Sumaku ikitulia, umeme hauji

Mdogo wangu wa Moshi, umesema mwalimu alitumbukiza sumaku ndani ya koili (waya uliozungushwa mara nyingi), mshale wa galvanomita, kile kifaa cha kuonyesha umeme mdogo, ukaruka, kisha ukarudi sifuri ingawa sumaku bado imo humo. Unauliza kama kifaa ni kibovu. Hapana, ni kizima kabisa, na ulichokiona ndicho kiini cha mada nzima.

Umeme hauletwi na kuwepo kwa sumaku, bali na mabadiliko ya uga wake (nguvu ya sumaku inayoenea kuizunguka) unaopita kwenye koili. Mwanasayansi Michael Faraday alilibaini hilo mwaka 1831. Ukiingia tena maabara, omba uichomoe sumaku taratibu, halafu urudie kwa kasi: mshale utaelekea upande wa pili, na safari ya kasi utakwenda mbali zaidi. Ukiongeza mizunguko ya waya, vivyo hivyo.

Huko kwenu, bwawa la Nyumba ya Mungu linatumia kanuni hiyohiyo: maji yanazungusha turbaini (gurudumu lenye mapanga), na turbaini inazungusha jenereta, uga haupati kutulia.

Tafadhali usianze kukariri fomula kabla hujalielewa hili. Na kwenye mtihani usiishie kuandika kwamba sumaku ipo. Eleza kwamba uga unabadilika.