Barua kwa mwanangu: Kuabudu si mwendo wa wimbo

Marahaba, mwanangu. Unasema viongozi wenu wanalalamika kwamba kipindi cha kusifu na kuabudu kimepoa, watu hawalii wala hawainui mikono. Na wewe uliyekabidhiwa kukiongoza unaniuliza: ibada ya kweli ni ipi, na watu wataingiaje?

Nianze na neno lenyewe. "Ibada" na "abudu" tumeyapata kwenye Kiarabu, mzizi mmoja na abdi, yaani mtumwa. Kwa Kigiriki, neno analotumia Yesu na yule mwanamke Msamaria katika Yohana 4 ni la kusujudu, kuinama mpaka chini. Lile la Warumi 12:1, Paulo anapotaka tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, ni la utumishi. Hakuna hata moja linalomaanisha wimbo wa taratibu. Sisi tumegawa kwamba pambio la kuchangamka ni kusifu, na la polepole lenye kinanda laini ndilo kuabudu. Kwa kupanga ratiba haina ubaya, lakini usiifanye fundisho.

Machozi nayo usiyafanye kipimo. Ukirudia mstari mmoja mara kumi na tano huku ngoma zikipanda, watu watalia hata kwenye sendofu. Sisemi machozi hayo ni ya uongo. Nasema hayathibitishi kitu.

Kwa kupanga kipindi, shika Isaya 6:1-8. Nabii anamwona Bwana kwanza, maserafi wakiitana "Mtakatifu" mara tatu. Ndipo anasema ole wangu, midomo yangu ni michafu. Kaa la moto linagusa midomo hiyo, anasamehewa. Halafu tu anasikia sauti ikiuliza nimtume nani, naye anajibu, "Mimi hapa, nitume mimi." Kwa hiyo anza na wimbo unaosema Mungu ni nani, si unaosema mimi najisikiaje. Fuata na toba, kisha shukrani ya msamaha, umalizie na wimbo wa kujitoa unaolifungulia neno njia. Vipindi vingi vinaruka toba kwa sababu "inapoza watu", halafu tunashangaa shukrani imekuwa nyepesi. Waliopanga liturujia za zamani, wakaweka maungamo karibu na mwanzo, hawakuwa wajinga.

Ukipewa dakika 25, nyimbo nne zinatosha. Mpya iwe moja tu, na uirudie Jumapili tatu mfululizo. Soma somo la Jumapili kabla ya kuchagua wimbo wowote, kisha andika maneno ya kila wimbo kwenye karatasi bila tuni. Mstari usioweza kuusema kama sala ukiwa na akili timamu, uache. Paulo aliwaambia Wakorintho ataimba kwa roho, na ataimba kwa akili pia.

Sasa sauti, maana hapa ndipo wengi wanapowafunga watu midomo halafu wanawaita wagumu. Tazama noti ya juu kabisa ya wimbo. Ikipita noti ya D, kusanyiko linaanza kunyamaza, na linabaki kuwatazama ninyi wenye maiki. Wimbo wenye doh F, yaani noti ya kwanza ya ngazi yake ni F, unaopanda hadi doh ya juu unagonga F. Shusha doh iwe D. Wimbo ukishuka hadi soh iliyo chini ya doh hiyo utaangukia A, bado wengi wanaifikia. Spika nazo: mtu asipomsikia aliye pembeni yake, anaacha kuimba, anasikiliza. Ubeti wa pili nyamazisha vyombo vyote. Ukisikia kimya, jua hawakuwa wakiimba tangu mwanzo. Na punguza "mwambie jirani yako". Watu wamekuja kusema na Mungu.

Ila haya yote ni ufundi, na Israeli ya siku za Amosi haikukosa ufundi. Walikuwa na vinanda na sadaka nono, naye Mungu akasema waondoe kelele za nyimbo zao, maana walikuwa wakimkanyaga maskini, wakimtoza ngano na kupokea rushwa (Amosi 5). Kwa hiyo anayeimba vizuri Jumapili na kupunja mizani Jumatatu bado hajaabudu. Kuku na mkungu wa ndizi unaopigwa mnada nje baada ya ibada ni sehemu ya kuabudu sawa na wimbo wako, tena mara nyingi vimemgharimu mtoaji zaidi.

Umenigusia pia kwamba mpiga gitaa na kiongozi wa sauti ya pili hawasemeshani tangu mwezi jana. Mathayo 5:23-24 inataka sadaka iachwe mbele ya madhabahu, mtu aende kwanza akapatane na ndugu yake. Basi mazoezi ya Jumamosi hii anzeni na hilo, vyombo vikiwa bado vimezimwa. Waite wawili hao pembeni pamoja na mzee wa kanisa, si mbele ya kikundi kizima. Ikichukua saa nzima, Jumapili imbeni nyimbo mbili badala ya nne.

Mamako.