Mafuta ya nazi kwenye cheni

Swali lenu la wiki hii, iwapo kutumia chakula kwa kazi isiyo ya kuliwa ni israfu, limenigusa, kwa sababu nimepanda baiskeli hapa Pemba tangu ujana wangu. Nilipokamata kalamu jibu langu lilikuwa fupi: ndiyo, na anayetia mafuta ya kupikia kwenye cheni hupoteza chakula na baiskeli pia. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani hugeuka kama gundi, vumbi la njia hunasa humo, na baada ya muda cheni na meno yake husagana.

Lakini siwezi kuisahau asubuhi moja ya masika. Nilikuwa nimetoka Tumbe na tenga la samaki, nikielekea Wete, na mvua ilikuwa imeosha grisi yote. Nilipoipita Konde pingili mbili zilikaza, cheni ikawa inaruka kila nikikanyaga pedali, na samaki hawangoji. Nikapiga hodi kwenye nyumba iliyokuwa ikifuka moshi. Bibi mmoja alikuwa uani akipika mafuta ya nazi, tui limeshakauka na mashapo yameanza kuwa ya kahawia. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaitazama baiskeli, kisha akanichotea mafuta kidogo ndani ya kifuu na kunipa unyoya wa kuku. Nilitaka kuyamimina, akanizuia: "Usimwage, dondoshea." Basi yeye akazungusha pedali kwa mkono, nami nikadondoshea tone moja katika kila pingili, halafu akanipa kitambaa nifute ya nje, kwani hayo hayalainishi kitu, hukusanya mchanga tu. Pesa alizikataa, alikubali changu wawili. Nilifika Wete wanunuzi wangalipo.

Kwa hiyo siwezi tena kusema kwamba ile ilikuwa israfu. Mafuta ya nazi hayawi gundi upesi kama ya alizeti, ingawa huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, kama tunavyoyaona asubuhi za kipupwe. Samli safi nayo yafaa. Siagi yenye chumvi siikubali hata kwa dharura, kwa sababu maji na chumvi yake huleta kutu, na mafuta yoyote yasiguse rimu, breki zisije zikakataa kushika. Tena yawe ya kukufikisha tu: ukifika, osha cheni kwa mafuta ya taa, iache ikauke, utie mafuta ya cherehani. Mimi niliiosha siku ya tatu, nikakuta mchanga umeshaingia kwenye pingili.