Kabla hujatunga fumbo lako la kwanza la sataranji

Wengi mnaoingia kwenye mafumbo mmetokea kwenye mchezo wenyewe, mpinzani mbele na saa pembeni. Kuna tabia moja ya kuacha mlangoni: kumtisha mfalme kila nafasi inapojitokeza. Fumbo likisema Nyeupe aanze na afunge kwa hatua 2 (yaani mfalme wa Nyeusi atishwe na asiwe na pa kuponea), ile hatua ya kwanza, ambayo mimi naiita ufunguo, kwa kawaida huwa ya kimya. Haili kete, haimtishi mfalme. Mtunzi anayejiheshimu huona haya kufungua fumbo lake kwa kishindo.

Tandika ubao; herufi a hadi h ni safu kutoka kushoto kwa Nyeupe, namba 1 hadi 8 ni mistari kutoka upande wake. Nyeupe: mfalme c8, ngome a1, askari b6. Nyeusi: mfalme a8, askofu b8, askari a7 na b7. Hatua 2 tu. Ni fumbo la Paul Morphy wa New Orleans, Marekani, lililochapwa 1856. Nilipokutana nalo nilikula a7 kwa ngome, nikala kwa askari, nikarudia tena kana kwamba ubao utanionea huruma. Sikujiuliza swali la kutangulia: kama zamu ingekuwa ya Nyeusi sasa hivi, angecheza nini?

Mfalme wake hana pa kukanyaga. Askari wa b7 amezibwa. Askofu akiondoka, ngome inakula a7 na mchezo umekwisha. Askari wa a7 hawezi kula b6, maana akiuacha mstari wake mfalme anabaki wazi mbele ya ngome. Kimebaki kitu kimoja: askari huyohuyo kusogea a6 au a5. Basi mzibie! Ngome inakwenda a6, mdomoni kabisa mwa askari wa b7. Akiila, askari wetu anasonga b7, mfalme kafungwa. Akisogeza askofu, ngome inakula a7, kafungwa. Na lazima acheze, hakuna kupitisha zamu.

Kutunga ni kinyumenyume. Usimwage kete ubaoni ukingoja zikuletee wazo. Anza na picha ya mwisho, au hata na utani. Sam Loyd, Mmarekani mwingine, alimtaka rafiki yake achague kete isiyoelekea kabisa kufunga mfalme. Rafiki akachagua askari wa b2. Katika fumbo hilo, lililochapwa London 1861, askari huyo anatembea hadi mwisho wa ubao na kufunga kwa hatua ya 5.

Kila kete iwe na kazi. Ukiitoa na fumbo bado linasimama, haikustahili kuwepo. Kisha lipitishe kwenye kompyuta. Programu ya Popeye ni ya bure na imeundwa kwa kazi hii. Fumbo likiwa na ufunguo wa pili usioukusudia, limeharibika, hata liwe zuri namna gani.

La kwangu la kwanza nililituma bila kulipima. Likarudi na mstari mmoja: malkia anafunga pia kutokea h5. Nikaongeza askari mweusi wa kuziba njia hiyo, na ufunguo wangu halisi nao ukafa. Siku tatu nahangaika. Mwishoni nilizihamisha kete zote safu moja kulia, ile h5 ikaangukia nje ya ubao, na yule askari nikamtoa.