Paka kwanza kwa mkono, ndo ufungue kompyuta

Kuna picha ya bibi nlitaka kuifanyia kolaji (kuchanganya vipande vya picha na rangi viwe kitu kimoja) tangu mwaka juzi, amekaa barazani Mji Mkongwe, nyuma yake ukuta wa chokaa umebanduka banduka, na kila nikijaribu inatoka kama stika imebandikwa juu ya kitambaa. Sura huku, rangi kule, hazijuani kabisa. Nlikuwa nadaunlodi tekscha za bure, yaani picha za mikwaruzo na nyufa, nazirundika leya (tabaka za picha moja juu ya nyingine) 15, 20, nikidhani zikiwa nyingi ndo itapendeza.

Kilichonitoa ni kununua manila na akriliki nikakaa uani kupaka mwenyewe. Sio brashi tu, nimekwangua kwa kadi ya zamani ya vocha, nimedondoshea chai ya rangi, nimekandamiza sponji kavu rangi ikiwa bado mbichi, halafu chokaa yenyewe nikaikoroga nzito nikapaka nene, ikikauka inapasuka nyufa ndogo ndogo kama za ukuta ule ule wa bibi. Nyufa hizo hazijirudii, na jicho linajua, maana tekscha ya kukopi kopi ukiitazama mara mbili ushaiona inapojirudia.

Kuskani steshenari, waambie 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi. A4 kwa 600 inakupa pikseli kama 4960 kwa 7016, unaweza kuprinti mpaka A2 bila kufifia. Na steshenari wasikutumie kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, inabanwa, waitume kama dokumenti au nenda na flashi.

Sasa hapa ndo pamenichelewesha miezi: mwanga. Rangi nene ina vivuli vyake. Kama bibi anapigwa na jua kutoka kushoto na tekscha yako imepigwa mwanga kutoka kulia, vinundu vya rangi vinaonekana kama mashimo na picha nzima inakataa bila wewe kujua kwa nini. Kwahiyo rangi nene mi siskani, naipiga picha kwa simu pembeni ya dirisha, mwanga utoke upande ule ule wa kwenye picha. Rangi nyembamba ya maji skana inatosha.

Kwenye programu (mi natumia Krita, ni ya bure) tekscha naitoa rangi kwanza ibaki nyeusi na nyeupe, naiweka juu ya picha kwa Maltiplai (Multiply, namna ya kuchanganya leya), nyeupe inapotea linabaki giza la nyufa tu, na rangi ya ngozi ya bibi haiguswi. Ukitaka kinyume chake, nyeupe ibaki, weka Skrini. Halafu maski (inaficha sehemu ya leya bila kuifuta), na kwa brashi laini naondoa tekscha machoni na mdomoni kidogo kidogo, kwenye kanga naiacha yote. Tafadhali usitumie kifutio, ukifuta umefuta, maski unarudi hata kesho.

Ukipata nafasi ziangalie kolaji za Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, uone vipande vya magazeti vinavyozama ndani ya wino na rangi mpaka hujui mkasi uliishia wapi. Mimi nilikaa nazo muda mrefu sana.

Ya bibi niliimaliza kwa leya 6. Shangazi alipoiona akapitisha kidole kwenye karatasi, akitafuta ule ukwaruzo wa ukuta.

Zile manila ninazo zote kwenye bahasha, nyuma nimeandika nilichanganya nini na mwanga ulitoka upande gani.