Nilichora ramani ya mabomba ya kijiji, bibi mmoja akaisahihisha kwa fimbo

Mi sio mtaalamu wa ramani kihivyo, GIS, yaani kuchora ramani kwa kompyuta, niligusagusa chuoni afu nyingine nikajifundisha mwenyewe kwa laptop inayojizima ovyo, ila mwaka jana nikajipa kazi ya kuchora ramani ya mabomba ya maji ya kijiji chetu kule Rungwe, Mbeya, na nilikosea vya kutosha tu, kwahiyo kama na wewe unataka kufanya kwenu soma kwanza hapa.

Gharama isikutishe. QGIS, programu ya kuchorea ramani, ni bure, KoboToolbox nayo unatengeneza fomu unajaza kwenye simu hata kama huna bando, ukipata mtandao ndo unatuma. Beba pawabenki. Na ukiwa chini ya migomba usiwe na haraka, simu inakuonyesha imekosea kwa mita ngapi, mi nilikuwa siondoki mpaka ishuke chini ya 5, la sivyo bomba linaenda kuonekana katikati ya shamba la chai.

Mi pawabenki nilisahau, simu ikazima, pointi kadhaa nikaandika kwenye daftari kwa kusoma GPS ya kuazima. Sasa sisi tuko kusini ya ikweta, latitudo zetu zina alama ya kutoa mbele, Mbeya mjini ni kama -8.9 na 33.45. Nikasahau hiyo alama, nafungua ramani mabomba yetu yako Sudan Kusini 😂 nikarekebisha, ila nikageuza kolamu za latitudo na longitudo, yakaenda kuogelea Atlantiki jirani na Moroko. Hizo unaziona, unacheka, zinaisha. Iliyonisumbua wiki nzima ni nilipoweka chini yake ile ramani ya zamani ya serikali ya 1:50,000, kila kitu kikapishana kama mita 300 hivi na mi naisingizia GPS, kumbe zile zilichorwa kwa Arc 1960 na simu inatumia WGS84, mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali, ni mpaka uiambie programu ipi ni ipi.

Basi, Sera ya Maji ya 2002 ilitaka mtu asitembee zaidi ya mita 400 kufika bombani, na bomba moja watu 250. Nikapiga duara la bluu la mita 400 kuzunguka kila bomba, kijiji karibu chote kikawa bluu, nikajiona nimemaliza, nikaprinti karatasi kubwa nikaenda nayo kwenye mkutano wa kijiji.

Naeleza, wazee wanaitikia. Bibi mmoja akainuka na fimbo yake mpaka ukutani.

"Mjukuu wangu, hapa ndo kwangu?"

"Ndiyo bibi."

"Na hili ndo bomba?"

"Ndiyo bibi."

"Haya, na hili korongo umelivukaje?"

Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akaomba utulivu. Duara halijui korongo jamani. Kwa mstari ulionyooka ni mita 300 na kitu, ila yeye anashuka mpaka kwenye daraja la magogo afu anapanda na ndoo kichwani. Kabla sijajibu mama mwingine akadakia, lile bomba la juu umeliandika zima kwa sababu umekuja mwezi wa nne, njoo mwezi wa kumi tuone. Na kweli, fomu yangu ilikuwa na ndiyo na hapana tu.

Kwahiyo maswali ya fomu yatungeni na wanaochota maji, sio mwenyekiti peke yake. Maji yanatoka miezi gani, saa ngapi, foleni ikoje, unapita njia ipi. Na wastani uuogope, kijiji cha watu 2,000 chenye mabomba 8 kwa hesabu kiko sawa kabisa, 250 kila bomba, hata kama sita yamepangana barabarani na kitongoji cha bondeni hakina hata moja. Ukiweka kwenye ramani hapo hata asiyejua kusoma anakuonyesha kwa kidole.

Nilichora upya kwa kufuata njia za miguu, bluu ikapungua sana. Ile ya kwanza sikuitupa, iko ofisini kwa mtendaji na peni imefungwa kwa kamba pembeni. Juzi nimepita nikakuta mtu amechora bomba jipya kule bondeni, nikashuka kwenda kuangalia. Lipo kweli, ila koki bado haijawekwa.